Mjadala: Marian Anderson Aliikosa Opera, au Opera Ndiyo Iliyomkosa?

Hoja iliyo mezani inasema hivi: "Kazi ya Marian Anderson ilitimia bila opera, na usiku wa tarehe 7 Januari 1955 haukuiongezea kitu." Anayetetea ni mwalimu wa kwaya ambaye amefundisha solfa tangu enzi za kaseti. Anayepinga ni binti anayesomea uimbaji. Kati yao ameketi mpiga kinanda, tuliyemwomba afafanue mambo ya ufundi. Uenyekiti nimekabidhiwa mimi, kwa hiyo hukumu nayo ni yangu.

Kwa asiyemfahamu: Marian Anderson alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1897, akafariki mwaka 1993. Sauti yake ilikuwa kontralto, yaani ile tunayoiita sauti ya pili kwenye kwaya zetu, ila nzito na pana kuliko tulivyozoea. Kwa zaidi ya miaka 30 alijaza kumbi za Ulaya na Marekani akiwa na mpiga piano mmoja tu. Opera aliigiza moja: Un ballo in maschera ya Verdi, kwenye jukwaa la Metropolitan Opera (Met), New York, usiku huo wa Januari 1955, akiwa na miaka 57. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1883, na kabla yake hakuna mwimbaji mweusi aliyekuwa amepewa nafasi ya mhusika katika opera zake.

MWALIMU: Ndugu Mwenyekiti, nashukuru. Ukimtajia mtu muziki wa klasiki, mawazo yake yanakimbilia opera: mapazia, mavazi, mfalme kachomwa kisu na bado anaimba. Kumbe kuna tawi la pili, nalo ni nyimbo za piano. Mtunzi anachukua shairi lililokamilika, analitungia muziki wa sauti moja na piano, basi. Schubert alifariki mwaka 1828 akiwa na miaka 31 tu, na aliacha nyimbo kama 600 za namna hiyo. Mwimbaji wake hana taji kichwani wala upanga mkononi. Anasimama kando ya piano, anakutazama usoni, anaimba.

Chukueni wimbo mmoja ambao Marian aliuimba sana, Erlkönig. Maneno ni ya mshairi Goethe, na Schubert aliutunga mwaka 1815, akiwa na miaka 18. Baba anakimbiza farasi usiku, kambeba mwanawe mgonjwa, na njiani jini linamwita mtoto. Kwa dakika nne hivi mwimbaji mmoja anakuwa msimulizi, baba, mtoto na jini. Mtoto sauti yake inapanda kwa hofu kila anapolia, baba anajibu kwa sauti ya chini ya mtu anayejikaza, na jini linabembeleza. Sasa niambieni, anayeweza hayo bila pazia wala vazi, opera inamfundisha nini?

MPIGA KINANDA: Naomba niongeze kidogo, Mwenyekiti. Wimbo huo unatutesa hata sisi tunaopiga. Mkono wa kulia unagonga noti ileile mfululizo, tatu tatu, kwa kasi, kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Hizo ndizo kwato za farasi. Ukifika katikati kifundo cha mkono kinawaka moto, na huna ruhusa ya kupunguza mwendo, kwa sababu farasi akipunguza mwendo hadithi imekwisha. Kwenye nyimbo za piano mpigaji si msindikizaji wa kukaa nyuma. Marian alikuwa na Kosti Vehanen wa Ufini miaka ya 1930, halafu Franz Rupp, Mjerumani, akaenda naye mpaka ziara ya kuaga. Watu hawa walijua mahali anapovuta pumzi kabla hajaivuta.

BINTI: Shikamoo, Mwalimu. Uzuri wa nyimbo hizo sibishani nao, maana ndizo ninazosomea. Ninachopinga ni neno "ilitimia." Kitu kikitimia, maana yake mwenyewe alikuwa na njia zote mbele yake akaifuata ile aliyoitaka hadi mwisho. Marian njia moja alifungiwa tangu akiwa msichana. Alikwenda kuulizia nafasi kwenye shule ya muziki huko kwao Philadelphia, akaambiwa hawapokei watu wa rangi yake. Waliomsomesha ni waumini wa kanisa lake la Union Baptist, waliochangishana senti kwa senti hadi akampata mwalimu wa sauti, Giuseppe Boghetti. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa aliyenyimwa karakana utamwambiaje kwamba chombo chake kimekamilika?

MWALIMU: Taarifa, Mwenyekiti.

MWENYEKITI: Binti, unaipokea taarifa?

BINTI: Naipokea.

MWALIMU: Karakana aliipata, mwanangu, ila aliipata ukubwani na kwa jasho lake. Mwaka 1924 aliimba Town Hall, New York. Viti vilikuwa vitupu, na wahakiki wakasema nyimbo za Kijerumani za Brahms aliziimba kama mtu aliyekariri maneno asiyoyajua maana. Uchungu ule nusura umwachishe kuimba kabisa. Mwaka uliofuata alishinda shindano na kupata nafasi ya kuimba na okestra ya New York Philharmonic. Lakini dosari ya Kijerumani hakuisahau. Alivuka bahari, akakaa Berlin kujifunza lugha ile, akazunguka nchi za Skandinavia, akaimba mbele ya mtunzi Sibelius. Mwaka 1935, huko Salzburg, kondakta Toscanini alimsikia akasema sauti kama ile husikika mara moja katika miaka 100. Mwishoni mwa mwaka huohuo alirudi Town Hall ileile na mguu uliovunjika kifundo. Pazia lilipofunguliwa watu walimkuta amekwisha kusimama kando ya piano, gauni refu limefunika bandeji ngumu, na hakumweleza mtu. Hapo opera iko wapi? Haipo. Na bado kazi imesimama.

BINTI: Taarifa nimeipokea, na ninaigeuza iwe upande wangu. Mwalimu umesema alitumia miaka mingi kurekebisha kilichoachwa wazi. Kweli kabisa. Kijerumani alikirekebisha kwa sababu mtu anaweza kupanga chumba Berlin akajifunza lugha. Uigizaji je? Uigizaji wa opera unajifunzia jukwaani, na jukwaa ni la wenye jumba. Kuna wakati majumba makubwa ya Ulaya yalimwita aje kuigiza. Alikataa. Kwa nini? Kwa sababu hakuwa na mazoezi ya kuigiza. Mnaona duara hilo? Kwao anazuiwa jukwaa kwa rangi, na kwa kuzuiwa hakupata uzoefu, na kwa kukosa uzoefu anakataa alipoitwa. Halafu sisi tunakuja na kusema, "Aa, opera haikuwa yake."

MWALIMU: Lakini kuna waimbaji ambao hawakuzuiwa na bado opera waliigusa kwa ncha ya kidole. Kathleen Ferrier wa Uingereza alikuwa kontralto kama Marian. Alianza kama mpokea simu kule Blackburn. Jukwaani aliigiza nafasi mbili tu maisha yake yote: Lucretia ya Britten mwaka 1946, na Orfeo ya Gluck. Hata hiyo ya mwisho aliiimba Covent Garden mwezi Februari 1953 huku saratani imeshamla mifupa. Onyesho la pili mfupa wa mguu ukavunjika akiwa jukwaani, akashikilia hadi mwisho, na mwezi Oktoba akafariki. Nani leo anamlilia Ferrier kwamba opera zake zilikuwa chache? Tunamkumbuka kwa nyimbo.

BINTI: Hatumlilii kwa sababu alichagua. Britten alimtungia nafasi, Covent Garden ikamfungulia mlango, na zilizobaki akaziacha mwenyewe. Mchukue Dietrich Fischer-Dieskau, baritoni wa Berlin. Mwaka 1948 alianza opera mjini kwake, kwenye Don Carlos ya Verdi, na mwaka huohuo alikuwa tayari anaimba Winterreise, nyimbo 24 za Schubert. Akaendelea na mikono yote miwili kwa miaka kama 30. Akichoka na jukwaa anarudi kwenye piano, akichoka na piano anarudi jukwaani. Uhuru huo ndio ninaouita kazi kutimia.

MWENYEKITI: Kabla hatujaendelea, Fundi, tueleze. Watu wanasema sauti ya opera na sauti ya nyimbo za piano ni vitu viwili tofauti. Ni kweli?

MPIGA KINANDA: Koo ni lilelile, kazi ndiyo tofauti. Met ya leo ina viti 3,800 hivi, na hakuna maikrofoni. Mbele ya mwimbaji kuna okestra nzima. Kupiga kelele hakusaidii, utapasuka. Mwimbaji aliyefunzwa, hasa mwenye sauti nzito, anakusanya nguvu ya sauti yake kwenye mitetemo ya kama 3,000 kwa sekunde. Hapo okestra huwa imepungua nguvu na sikio la binadamu ni kali. Basi sauti inapenya juu ya vyombo 80 bila kushindana navyo. Ukumbi wa nyimbo ni mwingine. Wigmore Hall ya London ina viti 550 hivi, na mtu wa kiti cha nyuma anakusikia ukinong'ona. Pale mwimbaji anaishi kwa vitu vidogo: konsonanti moja, pumzi moja, neno lililorudiwa kwa rangi nyingine. Kwenye opera ukikosea neno, okestra inakufunika. Kwenye nyimbo hakuna wa kukufunika, na ukumbini kuna watu walioshika karatasi ya mashairi.

MWALIMU: Umesikia mwenyewe, Mwenyekiti. Sasa nije kwenye hoja yangu kubwa. Kwenye opera mwimbaji anaimba kilichopangwa. Jumba linaamua mwaka huu ni Verdi, mkurugenzi anaamua unasimama wapi, kondakta anaamua unapumua lini. Kwenye nyimbo, orodha ni ya mwimbaji. Na Marian alifanya nini na orodha yake? Aliweka Handel, akaweka Schubert na Brahms, halafu akamalizia kwa nyimbo za kiroho za watumwa wa Marekani, zile alizozikuta kanisani kwao. Hakuziweka kama kiburudisho cha mwisho. Aliziimba kwa makini yaleyale aliyompa Schubert. Mtu aliyelipa kiingilio kumsikiliza Brahms alilazimika kukaa kimya kumsikiliza mtumwa. Niambieni ni jumba gani la opera miaka ile lingemruhusu hayo.

Na tusisahau tumbo. Mwimbaji wa opera anayealikwa kwa onyesho hulipwa kwa onyesho, asipoimba, hapati. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipokuja, Met ilifunga mwezi Machi na haikurudi na opera zake hadi Septemba 2021, na waimbaji wenye majina makubwa wakabaki na mikataba isiyolipwa. Aliyezoea kusafiri na piano moja, jukwaa lake ni dogo na halifungwi kirahisi.

BINTI: Halifungwi, Mwalimu? Halifungwi? Mwaka 1939 Marian aliombewa Constitution Hall mjini Washington. Hakuomba opera, aliomba kusimama na piano, kama ulivyosema. Chama cha akina mama wa kizungu waliokuwa na ukumbi ule kikakataa kwa sababu ya rangi yake. Miaka miwili nyuma, mwaka 1937, aliimba Princeton, na baada ya makofi yote hoteli ikamnyima chumba. Albert Einstein ndiye aliyemkaribisha alale nyumbani kwake. Kwa hiyo tusiupambe ulimwengu wa nyimbo kana kwamba ulikuwa peponi. Ubaguzi ulikuwa uleule, ila opera ilikuwa na mlango mmoja mkubwa ambao ni rahisi kuufunga, na nyimbo zilikuwa na milango mingi midogo.

MWALIMU: Na ulipofungwa mlango wa Constitution Hall, ikawaje? Eleanor Roosevelt, mke wa Rais, alijiuzulu uanachama wa chama kile. Serikali ikatoa ngazi za Jumba la Kumbukumbu la Lincoln. Jumapili ya Pasaka, tarehe 9 Aprili 1939, watu 75,000 wakakusanyika, na mamilioni wengine wakasikiliza redioni. Kulikuwa na baridi, kavaa koti la manyoya, na mbele yake kuna msitu wa maikrofoni. Hakuna jumba la opera nchini humo lililokuwa na nafasi ya hadhira kama ile.

BINTI: Aliimba nini siku ile, Mwalimu?

MWALIMU: Aliimba ule wimbo wao wa kizalendo, America, akaimba Ave Maria ya Schubert, nyimbo za kiroho...

BINTI: Na cha pili katika orodha?

MWALIMU: ...Cha pili kilitoka kwenye La favorita ya Donizetti.

BINTI: Opera! Mwenyekiti, naomba iandikwe. Mbele ya watu 75,000, kwenye ngazi za Lincoln, mwanamke huyu aliimba opera. Alikuwa nayo kooni, aliirekodi kwenye sahani za santuri, aliiweka kwenye orodha yake. Ilibaki kumpa vazi na mwenzake wa kujibizana naye, na ilichukua miaka 16 mingine.

Na alipopewa, alipewa nini? Ulrica, mpiga ramli. Anatokea kwenye onyesho moja tu la opera nzima. Katika maandishi ya Kiitaliano ya mwaka 1859, yale yanayoiweka hadithi Boston, hakimu anataka mwanamke huyo afukuzwe nchini na anaitaja damu yake nyeusi kwa matusi. Rudolf Bing, meneja wa Met, alikuwa na nia njema, na sauti ya Ulrica ni ya chini sana, inamfaa kontralto. Sikatai. Lakini pazia lilipofunguliwa Marian yuko jukwaani anakoroga chungu cha dawa, na kabla hajatoa noti moja ukumbi mzima ukalipuka kwa makofi. Mwenyewe ameeleza katika kitabu cha maisha yake kwamba alitetemeka, mwili ukajikaza, na hakuridhika na alivyoimba. Usiku ule watu waliishangilia historia. Mwimbaji alikuwa anahangaika na pumzi.

MWALIMU: Basi umenisaidia! Hoja yangu inasema usiku ule haukumwongezea kitu. Jumla aliimba mara nane tu na Met, halafu akarudi kwenye piano yake. Baada ya hapo aliimba kwenye kuapishwa kwa Eisenhower mwaka 1957 na kwa Kennedy mwaka 1961. Mwaka 1958 alikuwa kwenye ujumbe wa Marekani Umoja wa Mataifa, katika kamati iliyoshughulikia nchi za udhamini, na Tanganyika yetu ilikuwa mojawapo ya nchi hizo. Mwaka 1964 alianzia ziara ya kuaga palepale Constitution Hall, mahali walipomkatalia, na akamalizia Carnegie Hall siku ya Pasaka mwaka 1965, akiwa na miaka 68. Heshima yote hiyo haikutoka kwenye chungu cha Ulrica.

BINTI: Kwake huenda haukuongeza. Kwa wengine je? Siku 20 baada ya usiku ule, tarehe 27 Januari 1955, Robert McFerrin akawa mwanamume mweusi wa kwanza kuimba nafasi kubwa Met. Mwaka 1961 akaingia soprano Leontyne Price, na ukumbi ukampigia makofi kwa dakika zaidi ya 40. Mwaka 1966 Met ilipohamia jumba jipya, opera ya ufunguzi ilitungwa kwa ajili ya sauti ya Price. Halafu mwimbaji Jessye Norman. Huyu akiwa na miaka 16 alishiriki shindano lililobeba jina la Marian Anderson mwenyewe, ambalo Marian alilianzisha kwa zawadi ya dola 10,000 aliyopewa mwaka 1941. Aliyenyimwa shule akafungulia wengine njia. Norman hakushinda, lakini njiani akapata ufadhili wa masomo. Akaanza opera Berlin mwaka 1969, katikati ya miaka ya 1970 akajiondoa kwa muda kwenye jukwaa la opera ili sauti ikomae, akaimba nyimbo za piano, akarudi. Nani alimpangia? Hakuna. Aliingia na kutoka kwa hiari yake. Huo ndio uhuru ambao Marian hakuonja.

MWALIMU: Hapo, mwanangu, sina jibu la haraka. Nitasema hili tu: naogopa vijana wakikusikia watadhani nyimbo ni za waliokosa opera.

BINTI: Na mimi, Mwalimu, naogopa wenye majumba wakikusikia watadhani waliowafungia nje hawakupoteza kitu.

MWENYEKITI: Tufunge. Hoja hii ina mikono miwili, na ninaikata katikati.

Sehemu ya kwanza, kwamba kazi ya Marian Anderson ilitimia, inapita. Mwalimu ameithibitisha. Mtu aliyebeba Schubert na nyimbo za watumwa katika jioni moja, kwa zaidi ya miaka 30, katika lugha ambazo alikwenda kuzisomea ukubwani, hakubakiza deni kwa sanaa yake. Anayezihesabu nyimbo kama ngazi ya kupandia opera hajazisikiliza.

Sehemu ya pili inaanguka. Usiku wa tarehe 7 Januari 1955 haukumpa Marian sifa ambayo hakuwa nayo, lakini uliwapa McFerrin, Price na Norman mlango uliokwisha kuguswa komeo. Na haki haipimwi kwa faida ya mtu mmoja. Kosa la Met halifutwi kwa kuwa aliyekosewa alikuwa na uwezo wa kuishi bila Met. Kwa miaka 20 walikuwa na kontralto wa karne nchini mwao, wakamwita sauti ilipoanza kushuka, wakampa chungu akoroge. Aliyepata hasara kubwa ni opera, na hasara hiyo hailipiki, kwa sababu wahusika wa opera kama Azucena, Amneris na Orfeo ambao Marian angewaimba akiwa na miaka 35 hawapo wakiwa kamili kwenye sahani yoyote.

Neno langu kwa viongozi wa kwaya na wazazi ni hili. Binti au kijana mwenye sauti akitokea kwenu, msisubiri akomae ndipo mumtafutie mwalimu. Mpelekeni mapema kwenye sauti, kwenye lugha na kwenye jukwaa, vyote vitatu, kama waumini wa Union Baptist walivyojaribu kwa senti zao. Akishafundishwa, kuchagua opera, nyimbo za piano, au kurudi kuimba sauti ya pili kwenye kwaya yenu, kutakuwa ni juu yake mwenyewe.